Paneli za sola za Naivasha: kazi ipo, seli bado tunaagiza

Kila nikijitambulisha kama injinia wa sola lazima mtu aniulize, mbona hatutengenezi paneli zetu na jua lote hili? Kwanza zinatengenezwa, kiwanda kiko Naivasha tangu 2011, kilianza kama Ubbink East Africa, Waholanzi na Chloride Exide, siku hizi kinaitwa Solinc. Pili, jua halikusaidii kiwandani hata kidogo. Kiwanda kinataka stima ya bei nafuu na isiyokatika.

Paneli inaanzia kwenye silikoni, unaisafisha mpaka iwe safi kupita kiasi, unaiyeyusha kwa nyuzi zaidi ya 1,400, inatoka gogo, gogo linakatwa vipande vyembamba kama karatasi, vipande ndio vinageuzwa kuwa seli, yaani sehemu inayogeuza mwanga kuwa stima. Hapo stima inaliwa vibaya sana. China inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua kati ya hizo, kushindana nao kwenye silikoni mimi naona ni kujitafutia hasara.

Naivasha wanafanya hatua ya mwisho: seli zinaagizwa, zinaungwa kwa lehemu, zinalazwa kati ya karatasi mbili za EVA, plastiki inayogeuka gundi ikipata joto, kioo mbele na karatasi ya kukinga nyuma, zinapikwa kwa joto bila hewa, fremu ya alumini, kisanduku cha nyaya nyuma, kisha kupimwa kwa mmweko wa taa. Ni kazi halisi hiyo, watu wasiidharau, lakini faida yake nyembamba mno, na paneli iliyokamilika ikiingia bila ushuru huku kioo au fremu yako inatozwa, umeshapigwa kabla hujawasha mashine.

India walijaribu kuziba hapo, Aprili 2022 wakaweka ushuru wa asilimia 40 kwa paneli na 25 kwa seli, viwanda vya kuunganisha vikaota kila kona ila seli nyingi zikaendelea kutoka China. Na kwetu ushuru kama huo ungemuumiza mama wa kijijini anayenunua paneli ya wati 50, VAT tu iliyowekwa kwenye sola 2020 ilileta kelele mpaka ikaondolewa 2021.

Mimi ningeanza na fremu na vioo, halafu maabara ya kupima kwa viwango vya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, hapa hapa, maana bila cheti cha IEC 61215, kinachoonyesha paneli imepimwa uimara, ni vigumu benki kukopesha mradi mkubwa. Hata mradi wa sola wa Garissa wa megawati 50 na kitu ulifungwa paneli za Jinko kutoka China.