Duka la Michezo ya Kompyuta Likifungwa Ghafla: Dhana Potofu na Ukweli

Katika karakana yetu hapa Kampala, hakuna kauli inayonichosha kama ya mteja aliyefiwa na diski ya kompyuta, anayeniambia nisihangaikie michezo yake kwa sababu aliinunua kihalali na duka la mtandaoni litamtunzia. Duka hutunza maadamu lipo. Alicholipia ni leseni, na anayeiacha kwenye akaunti bila kupakua chochote hana tofauti na aliyelipia gunia la maharage katika soko la Owino kisha akaliacha kwenye stoo ya muuzaji.

Tarehe 19 Septemba 2010, GOG.com, duka la michezo ya zamani lililokuwa wakati huo la kampuni ya CD Projekt ya Poland, lilitoweka ghafla, likabaki tangazo tu kwamba haliwezi kuendelea jinsi lilivyo. Baada ya siku chache ilibainika kuwa hiyo ilikuwa mbinu ya kutangaza tovuti mpya, mbinu ambayo naiona kuwa ni kuwachezea wateja. Hata hivyo, kwa kuwa michezo ya duka hilo huuzwa bila kufuli za kidijitali zinazozuia mchezo kufunguka bila idhini ya duka, aliyekwisha kupakua faili za usakinishaji aliendelea kucheza, ilhali aliyetegemea akaunti pekee alibaki na wasiwasi. Tena si kila duka hurudi: lile la Wii, mashine ya michezo ya Nintendo, lilifungwa tarehe 30 Januari 2019.

Kwa hiyo pakueni faili za usakinishaji, mziweke kwenye diski mbili tofauti, kisha mzime intaneti na kujaribu kuzisakinisha kwenye kompyuta nyingine. Mchezo mkubwa huja na faili ya .exe pamoja na faili za .bin; wengi huniletea ya kwanza peke yake, nayo haisakinishi kitu bila wenzake.

Wanaolalamika kwamba bando litaisha wakumbuke kuwa michezo mingi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitoshea kwenye disketi chache za MB 1.44.

Si kweli kwamba duka likifungwa kila mchezo uliosakinishwa hufa; hukwama ule unaolazimika kuwasiliana na seva, yaani kompyuta za duka, kabla ya kufunguka.

Si kweli pia kwamba mchezo ukizeeka huwa bure, kwani kuacha kuuzwa hakufuti hakimiliki.

Na anayedai kuwa michezo ya DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta, haiwezi kuchezwa kwenye kompyuta za leo asakinishe DOSBox, programu ya bure inayoiga mazingira ya DOS.