Gari la teksi mtandao: ukaguzi uanzie kwako kabla ya kwa mkaguzi

Wanaotuletea magari karakanani kabla ya ukaguzi wa teksi mtandao, zile zinazoitwa kwa programu ya simu, huwa na ombi moja: "Fundi, liangalie lipite." Mara nyingi gari lenyewe ni Toyota IST, Passo, Raum au Spacio iliyotembea Japani miaka mingi kabla ya kushushwa bandarini, na mwenye gari ana haraka kwa sababu kila siku gari linapolala ni hesabu, yaani fedha ya siku, iliyopotea. Haraka hiyo naielewa. Ombi ndilo linalonitia wasiwasi. Gari likitengenezwa ili lipite tu, litapita Jumatatu, na Jumatano litakuwa Barabara ya Mandela, mama na mtoto wamekaa kiti cha nyuma, na breki ni zilezile.

Nianze na karatasi, maana hizo zikikosewa gari halifiki hata hatua ya kuinuliwa na jeki. Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni ya LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kurithi kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa SUMATRA. Maombi hufanyika kwa mtandao, na pamoja na kadi ya gari na bima hai utatakiwa kuwa na ripoti ya ukaguzi kutoka kwa mkaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani. Kampuni ya programu nayo ina masharti yake, kama umri wa gari, idadi ya milango na picha za ndani na nje. Masharti hayo yasome ndani ya programu yenyewe kabla ya kununua gari. Usitegemee maneno ya kijiweni, kwa sababu kampuni huyabadilisha.

Makosa matatu ya karatasi hujirudia sana. La kwanza ni namba. Gari la biashara hubeba namba nyeupe, na namba ya njano ni ya gari binafsi, kwa hiyo usajili ubadilishwe TRA, Mamlaka ya Mapato, kwanza. La pili ni leseni ya dereva. Daraja D linakuruhusu kuendesha gari lako na familia yako, lakini abiria wa kulipa wanataka daraja C, na kwa gari dogo la abiria wanne ni C3. La tatu ndilo linaloumiza kuliko yote, nalo ni bima. Wengi wana bima ya gari binafsi huku gari likibeba abiria mchana kutwa. Siku ya ajali kampuni ya bima itauliza gari lilikuwa linafanya kazi gani, na jibu likiwa tofauti na lililoandikwa kwenye mkataba, mwenye gari anaweza kubaki na deni la hospitali la watu asiowafahamu. Mwambie wakala wako wazi kwamba gari ni la teksi, kisha hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa mtandao wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Kazi hiyo inafanyika kwa simu, ukiwa umekaa.

Sasa tuingie chini ya gari.

Gari la familia linaweza kumaliza mwaka mzima na kilomita elfu kumi. Chukua teksi inayotembea kilomita 150 kwa siku, siku 26 za mwezi: hiyo ni kilomita 3,900 kwa mwezi na karibu 47,000 kwa mwaka. Maana yake teksi huzeeka mara nne au tano haraka zaidi, na ripoti ya ukaguzi inayohesabika kwa miezi haioni jambo hilo. Ndiyo maana nawasihi madereva wahesabu kwa kilomita. Breki pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12, na zikifika 3 zibadilishwe, hata kama hazijaanza kupiga kelele. Kwenye foleni za Dar es Salaam, kuanzia Mbezi hadi Posta, mguu unakaa kwenye breki asubuhi nzima, na pedi ambazo kwa mwalimu anayekwenda shule na kurudi zingedumu mwaka na nusu, kwa dereva wa teksi zinaweza kuisha ndani ya miezi michache.

Mafuta ya breki husahaulika kabisa. Hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini kiwango kinakubali yashuke hadi 140 yakishanyonya maji. Yakichemka ndani ya bomba hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi chini, gari halisimami. Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili angalau. Rangi ikiwa kama chai ya rangi, usisubiri tarehe.

Kuhusu tairi nitasema bila kuzunguka. Wapo wanaoazima tairi za rafiki kwa ajili ya siku ya ukaguzi, kisha wanarudisha vipara vyao jioni. Mkaguzi hadanganyiki hapo, anayedanganyika ni abiria. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vinavyoonyesha kina cha milimita 1.6. Kashata za tairi, yaani mpira unaokanyaga barabara, zikilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Mvua ya masika ikianza, tairi hilo halikati maji tena, linaelea juu yake. Tazama pia ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1419 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinazouzwa mjini huonekana na kashata nene na bei nzuri, lakini mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Binafsi simshauri mtu anunue tairi lililozidi miaka sita kwa gari la abiria, liwe na kashata kiasi gani. Upepo nao ujazwe kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mathalani 220 kPa ambazo ni sawa na psi 32. Usijaziwe kwa macho ya mjazaji.

Kwa boljointi, tairodi na bushi, yaani viungo vinavyoshika na kugeuza magudumu, inua gudumu na ulishike kwa mikono miwili, juu na chini, kisha kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, fundi atazame. Barabara zetu za mitaa ya ndani, Tandale hadi Kitunda, zinavimaliza vitu hivi bila huruma, na shokabza pia. Taa, honi, wipa na indiketa kila dereva anaweza kukagua mwenyewe kwa dakika chache akiwa na mtu wa kusimama nyuma ya gari.

Jambo ambalo ningependa kila abiria wa Dar es Salaam alijue ni eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari linapogonga. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza mitungi ya kufumulia mifuko hiyo kwa kutumia amonia naitreti, kemikali inayoharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Ikishaharibika, mtungi hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni na shingoni mwa aliyekaa mbele. Watu wamekufa katika ajali ndogo ambazo wangetoka wazima. Watengenezaji wengi, Toyota, Honda na Nissan miongoni mwao, waliita magari yarudishwe kubadilishiwa mitungi, na hesabu ya dunia nzima ilifika takriban mitungi milioni 100. Takata yenyewe iliomba kinga ya mufilisi mwaka 2017. Magari mengi ya mtumba tunayotumia ni ya miaka hiyohiyo, na joto na unyevu, ambavyo ndivyo chanzo cha tatizo, hapa tunavyo mwaka mzima. Chukua namba ya chesisi kutoka kwenye kadi, ile inayoanza na kama NCP60 au NCP61 kwa IST za mwanzo, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji huko Japani au umpelekee wakala wake hapa nchini. Ukiambiwa gari limo kwenye orodha, usimwachie fundi wa kijiweni afungue usukani. Kazi hiyo ni ya wakala aliyefundishwa.

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya eabegi kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime baada ya sekunde chache. Ikibaki inawaka kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliing'oa balbu ili gari liuzike, na hilo ni baya zaidi.

Mikanda ya nyuma ina kisa chake. Gari linakuja na mikanda mizima, lakini kava za viti zilizoshonwa mjini zimefunika vifungio vyote, na dereva hajui hata viliko. Toboa kava, vitoe vifungio juu. Gari likiwa na eabegi za ubavuni mwa viti vya mbele, kava isiyo na mwanya hapo inaizuia isifumuke.

Magari yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia yanahitaji macho ya ziada, na yanaongezeka kila siku. Tunafurahi, maana gesi inampunguzia dereva gharama sana. Lakini mtungi ulioko nyuma umebeba gesi iliyoshindiliwa kwa takriban bar 200, karibu mara 90 ya shinikizo la upepo wa tairi. Mfumo ufungwe na taasisi au karakana inayotambuliwa, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, na upewe cheti. Soma maandishi kwenye mtungi: tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kupimwa tena, tarehe ya mwisho wa matumizi. Kiwango cha kimataifa hakiruhusu mtungi wa gari upite miaka 20. Kagua mikanda ya chuma inayoushika, kama ina kutu au imelegea. Ukihisi harufu ya gesi, funga valvu, fungua milango, shusha abiria, na usiguse swichi yoyote ya umeme. Kumbuka pia kwamba mtungi wa chuma unaweza kuwa na kilo 60 na zaidi, hivyo springi na shokabza za nyuma zinafanya kazi kana kwamba kuna mtu mzima asiyeshuka.

Mvua ikijaza bonde la Jangwani, au maji yakivuka kizingiti cha mlango popote pale, mpelekee fundi gari hata kama limewaka bila shida. Beringi za magudumu huingia maji na kuanza kuunguruma wiki kadhaa baadaye. Kompyuta ya eabegi katika magari mengi hukaa chini katikati, karibu na gia, ambako maji hufika kwanza. Na injini ikizimika ndani ya maji usipige stata tena. Ikiwa imemeza maji, jaribio hilo moja linaweza kupinda konrodi, chuma kinachoshika pistoni, na hapo gharama inakuwa ya injini nzima.

Lakini haya yote yanakwama kwenye swali la nani analipa. Madereva wengi wa teksi mtandao si wenye magari. Wanapeleka hesabu kwa tajiri, yaani mwenye gari, kila siku au kila wiki, wengine wana gari la mkataba watakalomiliki baada ya muda. Nimeona makubaliano ya ukurasa mmoja yaliyotaja hesabu kwa herufi kubwa na kunyamaza kabisa juu ya breki. Matokeo yake dereva anasema pedi ni za mwenye gari, mwenye gari anasema aliyezimaliza ni dereva, na gari linaendelea kutembea. Andikeni. Mwenye gari alipie tairi, breki, eabegi, mtungi wa gesi na leseni. Dereva alipie usafi, pancha na kukagua kila asubuhi. Na siku gari linapokuwa kwa fundi kwa sababu ya usalama hesabu isidaiwe. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kitakachomfanya dereva aseme ukweli mapema kwamba pedali imeanza kuzama.

Anayetaka kujua hali ya gari lake kwa vipimo kabla ya kwenda kwa mkaguzi wa polisi anaweza kuuliza kwenye kituo cha ukaguzi wa magari cha Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Mabibo. Ripoti yoyote utakayopewa, itunze kwenye gari pamoja na risiti za vipuri. Gari likikataliwa, omba kasoro ziandikwe moja moja, rekebisha zilizoandikwa, na urudi na vipuri vya zamani mkononi pamoja na risiti. Mkaguzi ataona kilichobadilishwa, na wewe utajua kama duka la vipuri la Gerezani lilikuuzia pedi au lilikuuzia bati.