Jaribu, sanamu na mlango wa kutokea

Wengi wanaukariri mstari wa 1 Wakorintho 10:13, kwamba Mungu hatatuacha tujaribiwe kupita tuwezavyo, na kwamba pamoja na jaribu atafanya "mlango wa kutokea". Wachache husoma mstari unaofuata: "Kwa ajili ya hayo, wapenzi wangu, ikimbieni ibada ya sanamu." Hayo maneno "kwa ajili ya hayo" ndiyo yanayonifanya niamini kwamba mambo haya mawili, jaribu na sanamu, hayaeleweki vizuri yakitenganishwa.

Tuanze na jaribu. Neno la Kigiriki lililotumika ni peirasmos, nalo lina sura mbili: kupimwa na kushawishiwa. Kiswahili chenyewe kimegawana sura hizo. Wakatoliki wakisali Baba Yetu husema "usitutie katika kishawishi", na Waprotestanti wengi husema "usitutie majaribuni". Ugonjwa, njaa au msiba ni jaribu kwa maana ya kupimwa. Kishawishi ni kile kinachokuita utende lisilofaa. Lakini mara nyingi tukio ni lile lile moja: njaa inayoipima imani ndiyo hiyo hiyo inayokushawishi uibe. Yakobo anaonya mtu asiseme anajaribiwa na Mungu, kwa kuwa kila mmoja huvutwa na tamaa yake mwenyewe. Na kujaribiwa peke yake si dhambi. Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa katika mambo yote kama sisi, bila kutenda dhambi.

(Ule msemo kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba hutolewa kwenye mstari ule wa Wakorintho, ila Paulo, aliyeuandika, hataji mzigo wowote. Anazungumzia kuanguka.)

Ibada ya sanamu ni nini basi? Tukisikia sanamu tunafikiria mti uliochongwa, na mara tunapumua: hilo halituhusu. Tazama ndama wa dhahabu katika Kutoka 32. Musa alikuwa amekawia mlimani, watu wakachoka kungoja. Haruni, ndugu yake Musa, alipokwisha kumtengeneza ndama akatangaza kwamba kesho yake itakuwa sikukuu ya Bwana. Ya Bwana! Machoni pao hawakuwa wamemwacha Mungu. Walitaka tu Mungu anayeonekana, asiyechelewa, anayeweza kutangulizwa mbele ya safari waitakayo wao. (Alipoulizwa, Haruni alisema aliitupa dhahabu motoni, akatoka ndama huyo. Sijui kisingizio kingine katika Biblia kinachochekesha kama hicho.)

Sanamu inaweza hata kuanza kama zawadi ya Mungu. Katika Hesabu 21 Musa aliagizwa kutengeneza nyoka wa shaba, na walioumwa na nyoka walipomtazama wakaishi. Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia alilazimika kumvunja vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Kwa hiyo swali haliwi tu kama kitu fulani ni kibaya. Ni nani anayetegemewa kuokoa, na nani anayeogopwa kupotezwa? Ndiyo maana Paulo, katika Wakolosai 3:5, anaweza kusema kutamani ni ibada ya sanamu bila kutaja kinyago hata kimoja. Fedha, cheo, mchumba, hata huduma ya kanisani, vyote vinaweza kukaa penye kiti cha Mungu.

Sasa uhusiano unaonekana. Kishawishi hakiji kikisema "mwache Mungu". Huja na ahadi ndogo: hiki kitakutuliza, hiki kitakulinda, Mungu amekawia. Anayekubali ameshahamisha tegemeo lake, hata kama midomo bado inaimba. Shetani alipomjaribu Yesu, jaribu la mwisho katika simulizi ya Mathayo 4 lilikuwa wazi: milki zote za ulimwengu kwa kumsujudia mara moja tu. Yesu alijibu kwa Kumbukumbu la Torati, kwamba Bwana peke yake ndiye wa kuabudiwa.

Kuhusu kushinda, naona tunapenda sana lugha ya vita, kana kwamba ushujaa ni kusimama karibu na kishawishi bila kutikisika. Paulo anasema kimbieni. Yusufu aliliacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa, aliyetaka kulala naye, akatoka nje. Hakubaki kumweleza msimamo wake. Wakorintho walikuwa wameingia katika mtego wa kujiamini: sanamu si kitu, walisema, kwa hiyo hakuna ubaya kuketi chakulani hekaluni mwake. Paulo anakubali kwamba si kitu, kisha anawaambia hawawezi kunywea kikombe cha Bwana na kikombe cha mashetani pia. Mlango wa kutokea haumsaidii aliyeamua kubaki mezani.

Hata hivyo kukimbia sanamu si kukimbia watu. Katika sura hiyo hiyo Paulo anasema asiyeamini akikualika, nawe ukipenda kwenda, kula kila kitakachoandaliwa bila kuulizauliza. Ila mtu akikuambia nyama hii imetolewa sadaka kwa sanamu, usile, kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyekuambia.