Oksidesheni inavunja daraja la salfa, tuelewane

Wiki hii nimeulizwa tena kuhusu kutenganisha minyororo miwili ya insulini, A na B, na aliyeuliza ana digrii: oksidesheni si ndo inafunga daraja la salfa (bondi ya salfa kwa salfa inayoishikilia), sasa utaitumiaje kulivunja? Nimechoka kulisikia hili.

Ni kweli, sisteini mbili (asidi amino zenye salfa) zikioksidishwa kidogo zinashikana, ndo disalfaidi hiyo. Lakini nani kakwambia inaishia hapo? Ukiweka asidi ya pefomiki (changanya fomiki 9 kwa haidrojeni peroksaidi 1, uache saa moja, halafu weka kwenye barafu, na usikaze kizibo maana gesi inajaa) oksijeni zinazidi kuingia mpaka kila salfa inabeba tatu, daraja linakatika, na kila upande unabaki asidi ya sisteiki ambayo hairudi ilikotoka. Mnyororo wenyewe haukatiki! Bondi za peptaidi, zinazounganisha asidi amino, zipo palepale, kwenye insulini yamekatika madaraja matatu tu, mawili kati ya A na B na moja ndani ya A.

Sasa angalia chaji. A ya insulini ya ng'ombe ina asidi amino 21, haina lisini, ajinini wala histidini (hizo ndo besi, zenye chaji chanya), halafu inaongezewa asidi nne za sisteiki, zenye chaji hasi. B ina 30, inapata mbili tu na ina besi zake. Kolamu ya ioni, inayotenga kwa chaji, inazitenga bila shida. Mwanakemia Sanger pale Cambridge alizitenga kwa kuzifanya zitue kama mashapo tu, 1949, mashine za HPLC za kutenga molekuli hazipo.

"Si bora DTT, kemikali inayovunja daraja kwa kurudisha haidrojeni?" Haya, ijaribu. Dakika kadhaa tu tyubu inakuwa nyeupe kama tui, hiyo ni B inatua kama mashapo, na usipoziba sisteini mapema hewa inazifunga tena ovyo ovyo.

Ila naomba sana, msinakili protokali hii kwa kila protini. Insulini haina methionini wala triptofani, ndo maana inatoka salama, kwingine triptofani inaharibika na methionini inageuka salfoni. Na chumvi toeni kabisa, kloridi ikibaki tairosini zinabeba klorini, na insulini inazo nne.

Hata hivyo nikiona bega (kilima kidogo pembeni) kwenye piki ya A, kwenye grafu ya kolamu, siapi. Inaweza kuwa daraja halijaisha kukatika, inaweza kuwa asparajini ya 21 imepoteza amaidi yake kwenye asidi, na kipimo cha mwanga wa UV hakikwambii lolote. Vitabu vinachora piki mbili safi, mimi sampuli naipeleka mas spektro, mashine inayopima uzito wa molekuli: uzito ukizidi daltoni 1 ni asparajini, ukizidi 34 nenda kaulize nani aliacha chumvi.