Kwa nini tunakuuliza habari za kibofu kabla hujashika chuma

Fomu yetu ya kujiunga ina kurasa mbili, na swali linalokera wengi liko juu kabisa: mkojo wako unatokaje, na mara ya mwisho umekojoa saa ngapi? Kuna kijana aliirudisha karatasi mezani akaniuliza kama amekuja mazoezini au kliniki. Nilimwelewa. Mtu aliyeumia uti wa mgongo ameshafunuliwa shuka na kuhojiwa mbele za watu mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Lakini swali lile siliondoi, na leo nataka nieleze sababu, pamoja na masharti mengine yanayoleta manung'uniko.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Nasimamia mazoezi ya watu wenye ulemavu katika kituo kimoja hapa Dar es Salaam: vyuma, mpira wa kikapu wa viti mwendo, na mbio za wasioona.

Uti wa mgongo ukiumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, sehemu ya chini ya mwili huendelea kupiga kelele lakini ubongo hauisikii. Kibofu kikijaa, mishipa ya damu iliyo chini ya jeraha hujibana, na amri ya kuilegeza haifiki. Presha hupanda ghafla. Wengi wenye majeraha ya juu namna hii wamezoea presha ya chini, ile namba ya juu ikicheza kwenye 90 hadi 110. Kwa hiyo 140, ambayo kwa mtu mwingine isingemshtua nesi, kwao ni hatari. Kichwa kinagonga, uso unawaka, jasho linatoka shingoni na usoni tu. Mshipa wa ubongo unaweza kupasuka.

Niliwahi kuyaona haya miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mahali pengine. Mchezaji alisimama katikati ya zoezi akasema kichwa kinamuuma. Vinyweleo vya mikono vilikuwa vimesimama kama mtu aliyeshikwa na baridi, na nje lilikuwa jua la saa nane. Watu wakakimbilia kumlaza, kama tunavyofanya kwa yeyote aliyezidiwa. Ukimlaza, presha inazidi kupanda. Tulimwacha amekaa wima, tukafungua mikanda na viatu, tukafuata kwa vidole mpira wa mkojo, ule unaotoa mkojo kwenye kibofu na kuupeleka kwenye mfuko, hadi tukakuta umebanwa na mkanda wa kiti. Tulipounyoosha, mfuko ukaanza kujaa, na baada ya dakika chache akainua kichwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote kabla ya mazoezi, nami nilikuwa mmoja wao.

Ndiyo maana sharti letu la kwanza ni mambo matatu kabla ya kupasha mwili: kibofu, mpira, mikanda. Ukisema kichwa kinauma, mazoezi yanasimama kwa kila mtu, na hatukulazi.

Hapo hapo tumeandika pia kwamba ni marufuku kujipandisha presha kwa makusudi. Wapo wanamichezo duniani waliogundua kwamba presha hiyo huwapa kasi, wakawa wanajibana mkojo au kukaza mikanda ili washinde. Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki, michezo mikubwa ya dunia ya watu wenye ulemavu, imelipiga marufuku jambo hilo. Mchezaji akipimwa kabla ya shindano akakutwa na 160 au zaidi, anapimwa tena baada ya muda mfupi, na isiposhuka haingii uwanjani. Kwangu mimi hakuna medali inayostahili kuhatarisha ubongo wa mtu, na hili huwa nalisema kwa sauti kubwa.

Joto nalo lina sharti lake, maana chini ya jeraha mwili hautoi jasho inavyopasa. Hapa pwani hewa ni nzito, hata maji ya kujipulizia hukauka polepole, kwa hiyo tunaweka taulo zilizoloweshwa maji ya barafu shingoni na mapajani. Mtu asiyehisi mapaja yake hatajua baridi imezidi. Tunaitoa taulo kila baada ya dakika chache na kuiangalia ngozi.

Sharti gumu kuliko yote ni la kidonda. Mwenye kidonda kilicho wazi matakoni hakai kwenye kiti cha mchezo. Hakuna rafiki, hakuna nahodha, hakuna fainali. Wachezaji hunificha, na najua wanafanya hivyo kwa sababu mazoezi ndiyo siku yao pekee ya kutoka nyumbani. Lakini kidonda kidogo cha kukalia kinaweza kuchimba hadi mfupani bila mwenyewe kuhisi maumivu, na kinachofuata ni miezi kitandani. Kwa hiyo tumebadili maandishi. Zamani fomu ilisema mwenye kidonda asije. Sasa inasema njoo, tutafanya kazi ya mabega ukiwa umelala kifudifudi, ikiwa anayekutibu ameridhia. Tangu hapo watu wanasema ukweli zaidi.

Barua ya daktari ilinigombanisha na wenzangu. Sehemu nyingi za mazoezi mjini, mtu akiingia na kiti mwendo, jambo la kwanza ni kudaiwa barua. Anayekuja kwa miguu yake miwili haulizwi, hata kama presha yake haijapimwa miaka mitano. Barua ni nauli, ni foleni, ni ada ya kumwona daktari, na mara nyingi huyo daktari hajawahi kumwona mgonjwa wake akisukuma gurudumu hata mara moja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 30 kinataja michezo waziwazi. Kwetu barua inatakiwa kwa wachache: aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyepata degedege au kuzimia miezi ya karibuni, na mwenye dalili za shingo kati ya watu wenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili), kwa kuwa baadhi yao viungo vya juu ya shingo huwa vimelegea na kupiga sarakasi kunaweza kubana uti wa mgongo. Wengine tunakaa nao, tunapima presha, tunaanza taratibu.

Msaidizi wako anaingia bure. Kazi za chooni ni zake. Walimu wetu hawazifanyi, kwa ajili ya staha yako na usalama wa pande zote mbili. Ila mwalimu ataongea na wewe. Nimechoka kusikia "mama, mwambie anyooshe mkono" ilhali anayeambiwa ana miaka thelathini na masikio yake yanasikia.

Na kiti mwendo cha mtu usikiguse bila ruhusa. Hapa kwetu kumsukuma mtu mlimani bila kuulizwa ni wema, tumelelewa hivyo. Lakini kiti kwa mwenyewe ni miguu, na ukikivuta ghafla mkono wake unaweza kunasa kwenye spoku. Uliza kwanza, usubiri jibu.

Kwa wakimbiaji wasioona, kiongozi anayekimbia nao kwa kuunganishwa kwa kamba naye anajaza fomu ileile na kupimwa presha ileile. Mwaka 2000 kwenye Paralimpiki ya Sydney, Henry Wanyoike wa Kenya alishinda mita 5,000 akimvuta kiongozi wake aliyekuwa anaumwa na kuishiwa nguvu kabla ya utepe. Watu huikumbuka kama hadithi ya ushujaa, na ni ushujaa kweli. Mimi huisoma pia kama onyo: kamba ya mkononi, ambayo kwa kanuni haizidi sentimita 30, inawafunga watu wawili kwenye afya moja. Kiongozi akiwa na homa, mbio zimeahirishwa. Na wenye ualbino, ambao wengi wao hukimbia katika madaraja ya uoni hafifu, hawakimbii nje baada ya saa tatu asubuhi. Kofia, mikono mirefu na losheni ya jua tunaviweka mlangoni.

Picha zina karatasi yake peke yake. Majibu yako ya afya yanakaa kabatini chini ya ufunguo, na kukataa kupigwa picha hakukupunguzii chochote, hata siku wafadhili wakija. Nimeona picha za watoto zikisambazwa bila wazazi wao kujua, na sitaki kuziona zikitoka kwetu.

La mwisho ni kuchelewa. Hatutozi faini. Daladala likiona kiti mwendo mara nyingi halisimami, basi la mwendokasi hupandwa bila ngazi lakini halifiki kila mtaa, na bajaji siku ya mvua hupandisha bei. Tunapasha mwili nusu saa nzima kwa makusudi. Ukifika mwishoni mwa nusu saa hiyo, ingia, jibu maswali yetu ya kibofu, mpira na mikanda, tukupime presha, kisha uungane na wenzako.