Zahanati ya Kale: jengo moja, kazi nyingi

Wageni wakipita barabara ya Mizingani, Unguja, hupiga picha zile roshani za mbao zilizonakshiwa kisha huenda zao. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, na hili ndilo ninalowapeleka vijana wanaoanza kazi.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, mwaka ambao Malkia Victoria alitimiza miaka 50 ya kutawala. Mwenye fedha alikuwa Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyewahi kusimamia forodha ya Sultani. Alikusudia hospitali ya maskini. Hakuiona: alifariki 1891, na mjane wake ndiye aliyesimamia ujenzi hadi ukamalizika 1894. Mwaka 1900 jengo likanunuliwa na kuwa zahanati ya hisani, dawa zikitolewa chini, watu wakiishi juu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa mali ya serikali, na hapo ndipo likaanza kuchakaa.

Watu husema jengo huharibika likibadilishwa matumizi. Sikubaliani nao. Hili limepangwa kwa vyumba vinavyozunguka ua wa ndani, kila ghorofa ikiwa na ukumbi wake wa kupita, kwa hiyo leo ukiweka dawa, kesho ofisi, keshokutwa maonyesho, hubomoi ukuta hata mmoja. Kilicholimaliza ni kukosa mtu wa kupanda juu kuziba paa. Maji yakishapata njia kwenye paa, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, mahali usipopaona mpaka sakafu ilegee.

Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ililikarabati miaka ya 1990, likawa kituo cha utamaduni chenye maduka na ofisi.

Ukifika, acha roshani kidogo, tazama kuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa. Fundi mwenye haraka akija na saruji (na wapo wengi, tena wanalipwa vizuri!), unyevu hukwama ndani, chumvi hujikusanya, na baada ya misimu kadhaa lipu inabanduka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Mwenye nyumba humwita fundi yule yule, naye huongeza saruji.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nyumba yake ya Mji Mkongwe aigeuze hoteli au duka, humwuliza kwanza nani atalipia chokaa kila mvua za masika zikiisha.