Makadirio ya uzazi: kwa nini kiwango kinashuka na watoto bado wanazidi

Kuna swali nimeulizwa mara nyingi tangu yale matokeo ya utafiti wa afya wa Kenya wa 2022 yatoke, na huja hivi: kama mwanamke wa Kenya sasa anazaa watoto 3.4 kwa wastani, na mwisho wa miaka ya 70 ilikuwa karibu 8, mbona madarasa yamejaa vile vile na kliniki ya watoto foleni haiishi? Swali zuri sana, na jibu lake ndiyo maana nzima ya kukadiria uzazi, kwa hivyo ngoja nianze hapo.

Hizo 3.4 ni kiwango cha uzazi, halafu kuna idadi ya watoto wanaozaliwa, na hivi ni vitu viwili. Watu wanavichanganya kila siku hata kwenye magazeti.

Kiwango kinapatikanaje? Wanawake wa miaka 15 hadi 49 wanaulizwa kila mmoja amezaa lini na lini, kisha wanagawanywa kwa marika ya miaka mitano mitano, 15 hadi 19, 20 hadi 24, mpaka 45 hadi 49, jumla marika saba, na kwa kila rika unahesabu kwa mwaka mmoja wanawake 1,000 wamepata watoto wangapi. Tuseme (hizi ni namba zangu za mfano tu, usizipeleke popote) umepata 70, 170, 180, 140, 80, 30 na 10. Jumlisha, ni 680. Zidisha kwa 5 kwa sababu kila mwanamke anakaa kwenye rika moja miaka mitano, unapata 3,400 kwa wanawake elfu moja, yaani 3.4 kwa kila mmoja. Ndiyo hiyo. Maana yake ni kwamba kama msichana angeishi umri wake wote wa kuzaa chini ya hali ya sasa hivi, angemaliza na watoto 3.4. Hakuna mwanamke halisi aliyeishi hivyo, ni picha ya miaka michache tu imenyooshwa ikawa maisha mazima ya mtu, na kwenye ripoti hizi huwa wanatumia miaka mitatu kabla ya utafiti.

Sasa watoto wenyewe. Chukua mahali pana wanawake 10,000 wa miaka 20 hadi 24 na kiwango cha rika hilo ni 170 kwa elfu, basi wanazaliwa watoto 1,700 kwa mwaka. Angalia nyuma yao, wasichana wa miaka 10 hadi 14 wako 14,000, kwa sababu mama zao walizaa sana. Baada ya miaka kumi hao ndio watakuwa 20 hadi 24, na tuseme wamesoma, wanapanga uzazi, kiwango kimeshuka mpaka 140, na tuseme pia wote wako hai na hakuna aliyehama. 14,000 mara 140 gawanya kwa elfu ni 1,960. Umeona? Kila mama anazaa kidogo kuliko dada zake wakubwa na bado watoto wameongezeka 260 kwa rika hilo moja. Akina mama wenyewe ndio wamekuwa wengi. Hii ndiyo sababu foleni ya chanjo haijapungua, hakuna aliyedanganya kwenye ripoti.

Na hapo ndipo siri ya makadirio ilipo, kitu ambacho mimi hunifurahisha kila nikikifikiria: mama zao watoto watakaozaliwa miaka 15 ijayo karibu wote wameshazaliwa. Wako shule, wako mgongoni mwa mama zao. Kwa hivyo kazi ya kukadiria haianzi kwa kubahatisha, inaanza kwa kusogeza watu mbele. Unachukua sensa, kila rika unalisogeza miaka mitano, unatoa watakaofariki, unaongeza wanaohamia unatoa wanaohama, halafu wale wanawake waliofika umri wa kuzaa unawazidishia viwango vyao, watoto wanapatikana. Hao watoto unawagawa wavulana na wasichana (duniani wavulana huzaliwa wengi kidogo, kama 105 kwa wasichana 100), unawaweka chini kabisa kwenye jedwali lako la marika, unaanza upya miaka mitano mingine. Kinachobaki kubuni ni viwango vya mbele tu, vya uzazi, vifo na kuhama, na kwa miaka michache ya mwanzo hata ukikosea kidogo hutaharibu sana.

Lakini hiyo ni nchi nzima. Ukishuka kwa kaunti mambo yanakuwa mazito, na hapa ndipo nataka nikae kidogo.

Kwanza wastani wa taifa hauna kazi kwenye kaunti. Utafiti huo huo wa 2022 uliweka Nairobi kwenye 2.5 na Mandera kwenye 7.7. Hiyo ni nchi moja, mwaka mmoja. Nishaona mpango wa mahali fulani, sitataja, umechukua ile 3.4 ya taifa ukaipachika kwao kama ilivyo, na iliniuma kweli, kwa sababu ukipanga vyumba vya kujifungulia hivyo ni akina mama ndio wanalala wawili kitanda kimoja.

Pili, sensa yenyewe unayoanzia. Mandera ilihesabiwa watu 1,025,756 mwaka 2009, na 2019 ikahesabiwa 867,457. Kaunti yenye uzazi wa juu kuliko zote imepungua? Matokeo ya 2009 ya wilaya nane za kaskazini, zikiwemo za Mandera, yalizua ubishi mkubwa mpaka waziri akatangaza yamefutwa, kesi zikaenda mahakamani. Ukianza na namba yenye utata huu, hata hesabu yako ya uzazi iwe safi vipi, kila kitu cha mbele kinabeba utata ule ule.

Tatu ni kuhama. Nairobi ina kiwango cha chini lakini wasichana wa miaka ishirini na kitu wanaingia kila siku kutafuta kazi, kwa hivyo watoto wanaozaliwa ni wengi kwa sababu wazazi wamekuja, na huko walikotoka jedwali la marika limebaki na tundu katikati. Halafu usihesabu kwa hospitali. Mama wa Kwale akivuka feri Likoni akajifungulia hospitali kuu ya Mombasa, mtoto ni wa Kwale, chanjo atadungwa Kwale, na shule ataanza Kwale. Makadirio yanafuata mama anapoishi.

Na vile viwango vya mbele vya uzazi, je? Watu hupenda kuchora mstari ulionyooka, ilishuka jana itashuka kesho. Kenya yenyewe ilishatoa funzo hapa, uzazi ulishuka kwa kasi mpaka 4.7 kwenye utafiti wa 1998, kila mtu akaona ni mteremko tu, kumbe 2003 ukarudi 4.9, na 2008-09 ulikuwa 4.6, miaka kumi karibu umesimama palepale, ndipo ukaja 3.9 mwaka 2014. Waliochora mstari walikuwa wamewakosa watoto wengi sana. Ndiyo maana kazi nzuri haikupi namba moja, inakupa tatu, ya chini, ya kati na ya juu. Umoja wa Mataifa, kwa mfano, namba ya juu wanaongeza nusu mtoto kwa kila mwanamke na ya chini wanapunguza nusu. Nusu mtoto inasikika ndogo, ila baada ya miaka 30 hao nusu nusu nao wanazaa.

Kwa hivyo mtu akikuletea makadirio ya kaunti yako muulize ameanza na sensa gani, kiwango ni cha kaunti au cha taifa, na wanaohama amewaweka wapi. Halafu wewe mwenyewe fungua majedwali ya sensa ya 2019, tafuta kaunti yako, angalia mstari wa wasichana wa miaka 5 hadi 9. Mwaka 2034 watakuwa na miaka 20 hadi 24.